Sauti ya Mama Iliyopunguzwa Mwendo

Mdogo wangu wa kike, msusi wa saluni, alitaka ruhusa ya baba kabla kanda yake ya rap haijatoka, na ruhusa yenyewe ilihusu wimbo mmoja tu. Nyimbo nyingine, alizorekodi katika chumba chake cha kupanga hapa Bariadi akiwa ameziba dirisha kwa godoro, zilikuwa zake mwenyewe. Ule mmoja ulikuwa na sauti ya mama.

Tangu sekondari anapenda rap ya kusini mwa Marekani, ile ya chini kwa chini isiyopigwa redioni: ngoma nzito, kinanda cha huzuni, vipande vya nyimbo za zamani vilivyokatwa na kupunguzwa mwendo mpaka mwimbaji anasikika kama yuko ndani ya kisima. Mimi hunitia woga kidogo. Yeye humtuliza.

Mama alikuwa mwanzishaji wa nyimbo katika kikundi cha kulima kwa zamu, kinachohama shamba hadi shamba, majembe yakishuka pamoja kwa kufuata wimbo. Siku ya shamba letu la pamba mtu aliwarekodi. Tulipomzika mama, sauti yake ilibaki kwenye kaseti ile tu, na baba ndiye anayeitunza. Mdogo wangu aliinakili kwa simu baba akiwepo. Baadaye akakata mistari miwili, akaipunguza mwendo, akaweka besi, na juu yake maneno yake kuhusu kujifunza kusuka kwenye kichwa cha mama akiwa mgonjwa.

Jumapili moja tulikwenda kwa baba, Ipililo. Redio yake haina pa kuchomeka flashi, kwa hiyo mdogo wangu alikuwa ameuhamishia wimbo kwenye kaseti ya mahubiri aliyopewa na fundi redio. Hakumweleza baba kitu. Alitaka asikie kwanza.

Baba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Sauti ya mama ilipoingia, nzito, ikijikokota kama ya mwanamume, akazima redio.

Mdogo wangu akaangalia sakafu.

Baba akafungua mgongo wa redio, akatoa betri zote, akaenda kuzipanga juani juu ya bati la banda la kuku.

"Zimechoka," alisema aliporudi kuketi. "Zinamkokota mama yenu. Zikipata jua ataimba vizuri."

Nilicheka, kwa sababu nyumbani kwetu kaseti ikianza kulegea hakuna anayefikiri kitu kingine. Mdogo wangu hakucheka.

"Baba, betri ni nzima. Mimi ndiye niliyempunguza mwendo."

"Wewe?"

"Muziki wenyewe ndivyo ulivyo."

"Mayu," baba alisema. Humwita hivyo, yaani mama, kwa kuwa amerithi jina la bibi mzaa baba. "Hapo umemwonea. Yule alikuwa anawaacha wanaume nyuma, na mtoto mgongoni. Tena mtoto mwenyewe ni wewe, mzito kama gunia."

"Basi sitautoa."

"Nimekukataza? Lete hizo betri nimalize kusikiliza."

Wimbo ukaanza upya. Safari hii baba alisogeza kiti karibu. Kati ya mstari wa kwanza na wa pili kuna mahali mama anavuta pumzi. Kwa mwendo wa kawaida panapita kabla hujapasikia. Hapa palirefuka, pumzi ikaingia taratibu, ikatulia, ndipo sauti ikaja.

Baba akainua kidole. "Rudisha."

Mdogo wangu akarudisha.

"Anapumua," baba alisema.

"Ndiyo, baba."

"Kaseti yangu miaka yote sijamsikia akipumua." Wimbo ukaisha. Kisha akasema, "Utoe. Lakini mwishoni mwachie aimbe kwa mwendo wake, watu wasije wakadhani alikuwa mvivu."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka amalize tuta moja."

"Tuta moja linachukua muda gani?"

Baba alimtazama mtoto wake wa saluni kwa huruma, akasimama, akavua koti la kanisani akanipa mimi. Wakatoka kwenda shambani. Mdogo wangu alisimama mwanzo wa tuta na simu inayohesabu sekunde, na baba akainama na jembe asilokuwa nalo, akaanza kuimba wimbo wa mama, akienda mbele haraka kuliko nilivyodhani magoti yake yanaweza.