Nilinunua Kuta, Nikasahau Watu wa Kuzibeba

Wasomaji wenzangu, nisiwazungushe. Kosa nililifanya mimi, na akili zangu timamu, mchana kweupe, kalamu mkononi. Sitalisukumia Serikali, wala mvua, wala mwenye karakana aliyeniuzia kuta. Mke wangu alinionya. Mama yangu alinionya. Hata mimi nilijionya kidogo, kisha nikajinyamazisha.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakoloni wakipambana na wapiganaji wa msituni, huku kwetu Embu, kwenye miteremko ya kahawa. Tulitangaziwa barazani kwamba kila familia ihame shambani, ikakae katika kijiji kipya chenye nyumba za mstari na handaki pande zote. Mvua zikikaribia, nyumba za zamani zingebomolewa, uwe umehama au hujahama. Tukaonyeshwa vigingi vya viwanja vyetu, tukaambiwa: jengeni!

Watu wakafanya walivyozoea. Waliungana vikundi. Leo wanajenga kwa huyu, kesho kwa yule. Wanaume wanakata miti, wanawake wanabeba nyasi na kukanyaga udongo, mwenye nyumba anapika uji. Ukienda kwa mwenzako, naye atakuja kwako. Hakuna anayelipwa.

Mimi nikaona hayo ni mambo ya wasiojua kupanga. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, jamani!

Nilikuwa nimeona, katika karakana moja ya mbao upande wa pili wa mlima, nyumba inayouzwa vipande vipande. Wacha niwaeleze polepole, kwa sababu ni kitu kizuri na sina ugomvi nacho. Kuta zinatengenezwa huko huko, madirisha yakiwa yamo tayari. Zinapakiwa kwenye lori. Zikifika kwako unazisimamisha, unazifunga pembeni kwa bolti na nati, unaweka mabati juu. Kufumba na kufumbua, una nyumba ya mbao yenye vyumba, kama ya karani mkubwa!

Jirani yangu Nyaga, aliyeongoza kikundi cha upande wetu, alinipitia jioni moja na wenzake.

"Mwalimu, kesho tuko kwa yule mama mjane pale chini. Njoo na panga."

"Nyaga, ndugu yangu, mimi sihitaji kujengewa. Nyumba yangu inakuja na lori."

"Inakuja imesimama ama imelala?"

"Inakuja vipande."

"Na wewe utakuwa umekaa juu, ukichungulia dirishani?"

Wenzake wakacheka. Nikawaeleza tena, kwa upole, nikachora ardhini kwa kijiti. Wakacheka zaidi. Nikawahurumia!

Nyumbani nilimsomea mke wangu Wawira makadirio yangu. Nilijivunia makadirio yale kuliko mtu anavyojivunia shamba.

"Baba Njeri," akasema, "umeandika rangi ya mlango. Umeandika mapazia. Mawe ya msingi yako wapi?"

"Yako kwenye mengineyo."

"Na kwenye mengineyo umeweka pesa ngapi?"

Nikamweleza kwamba mengineyo hujazwa mwishoni.

"Na watu wa kubeba?"

"Kuna lori."

"Lori litafika mpaka kwenye vigingi?"

"Wawira, tafadhali, usiniletee mawazo ya kizamani."

Akarudi jikoni kuchochea moto. Nilidhani ameelewa.

Pesa za kahawa za misimu miwili zilimezwa na kuta na mabati. Ikabaki nauli ya lori. Sasa, Wawira alikuwa na mbuzi wake kwa baba yake, kule chini Mbeere, karibu na Kiritiri. Walitokana na mbuzi mmoja aliyepewa akiwa msichana. Alikuwa amewaweka kwa ajili ya masomo ya Njeri, binti yetu wa kwanza, aliyekuwa karibu kuanza shule.

"Nitawarudisha haraka," nikamwambia.

"Mbuzi wa Mbeere wanazaa haraka kuliko unavyolipa."

Lakini hakusema hapana. Mimi nikakichukua kimya chake kama ruhusa. Nikateremka nikawauza wote sokoni. Nililipa lori, na zilizobaki, Mungu anisamehe, nikanunua mapazia!

Lori likaja. Likasimama kwenye kizuizi cha askari, kando ya soko.

"Mwalimu, kibali changu kinaishia hapa," dereva akasema. "Na kafyu inanifuata. Tushushe."

"Lakini kijiji kiko ng'ambo ya mto!"

"Naona. Ni pazuri."

Kuta zangu zikashushwa kando ya barabara. Nikajaribu kuinua mmoja. Haukushtuka hata kidogo. Kila ukuta ulitaka kundi zima la wanaume, na kutoka pale ni kuteremka bondeni, kuvuka mto, kisha kupanda.

Nikamkimbilia Nyaga. Nilimkuta amejaa udongo hadi magotini.

"Nyaga, nisaidie kubeba."

"Kwa furaha, Mwalimu. Wewe ulijenga kwa nani?"

Nikatazama viatu vyangu, havikuwa na udongo.

"Hawa watu asubuhi wanachimba handaki kwa lazima," akasema. "Wakitoka huko wanajengeana kabla giza halijaingia. Nikiwaleta kwako, huyu ambaye hajaezekewa nitamwambia nini?"

Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa afadhali angenitukana!

Nikatafuta wachukuzi sokoni. Walitaka pesa. Mimi nilikuwa na mapazia.

Siku ya kubomoa ikafika. Nyumba yetu iliangushwa Wawira akiwa bado anatoa vyungu, na mvua ikaanza siku hiyo hiyo. Yeye na watoto wakaingia kwa mama yangu, ambaye alikuwa amekwisha kujengewa. Lakini mimi, mwanamume aliyetahiriwa, mwenye ndevu, ningelalaje katika nyumba ya mama yangu? Kwetu hilo hata halizungumzwi. Nikaenda kuomba pa kulala kwa askari wa kizuizi.

Nikakuta ukuta wangu wenye dirisha umesimamishwa pale, unawakinga mvua.

"Tumeazima tu, Mwalimu," mmoja akasema. "Unajua hii ni Hali ya Hatari."

Nikalala nyuma ya ukuta wangu mwenyewe, kama mgeni! Ukuta mwingine walikuwa wameulaza juu ya handaki, wanavukia. Mwingine ukawa meza ya kukagulia vipande, yaani vitambulisho vya watu. Mabati sikuyaona tena, na mwenye bunduki huwezi kumhoji sana.

Wiki zikapita hivyo. Mtoto wetu mdogo akaanza kukohoa katika msongamano ule kwa mama. Jumamosi moja nikachukua panga, nikaenda kwenye vigingi vyetu, nianze hata kama ni kwa mti mmoja. Nikakuta watu wamejaa, miti imesimama, udongo umelowekwa.

"Sogea, Mwalimu," Nyaga akaniambia. "Umesimama mahali pa mlango."

"Mnamjengea nani?"

"Wawira."

Ndipo nilipojua. Muda wote niliokuwa nikiwaeleza watu habari za bolti, mke wangu alikuwa akienda kukanyaga udongo kwa majirani, mtoto mgongoni. Walikuwa wanamlipa yeye zamu zake. Jioni ile tulikuwa na nyumba. Mimi nilipewa kazi ya kuteka maji, nikaifanya bila kueleza chochote.

Wawira hakunifukuza. Lakini tangu siku ile pesa za kahawa anapokea yeye, na mimi hupewa za sabuni.

Njeri alikaa nyumbani miaka miwili akingoja karo. Sasa yuko darasani kwangu, mrefu kuliko wenzake wote, anakaa nyuma asiwazibe. Nikiandika hesabu ubaoni, simtazami. Siwezi!

Kwa hiyo wewe unayepanga kujenga, usiogope, jenga, inawezekana. Nyumba za vipande ni nzuri. Ila andika msingi kwanza, uliza barabara inafika wapi, na nenda ukakanyage udongo kwa jirani kabla hujahitaji mabega yake. Na unapotaka kuuza kitu cha mtu, hata kama ni mke wako na mahari ulimaliza, muulize kwanza alikuwa amemwekea nani. Kisha nyamaza, usikilize mpaka amalize.