Siku Kanisa Lilikuja Kunitetea kwa Watu wa Bima

Mtu wa Ogembo akikutana na mimi siku hizi haniulizi habari ya nyumbani. Ananiuliza, "Onchari, ile samaki ilikuwa tamu?" halafu anacheka mpaka anashikilia ukuta, na mimi nacheka pia, kwa sababu ukikasirika ndio wanakuongezea. Sasa kaa hapo nikueleze mwenyewe kabla usikie kwa wengine, maana huko nje wameongeza mambo (kuna wanaosema nililia, mimi sikulia, ni macho tu yalikuwa yanatoa maji). Aibu niliipata, hiyo sikatai. Niliipata yote, hakuna mtu alibakishiwa.

Nilikuwa nafanya kazi kwa hadwea ya Madam Akinyi. Madam ni mtu wa kule ziwani, alikuja hapa kitambo akafungua duka, Ekegusii, lugha yetu, anajua ile ya kuuza simiti tu, lakini ukimpunja hata msumari mmoja anajua kwa lugha zote. Kazi yangu ilikuwa kubeba mabati, kupima misumari, na kuambia wateja "mzigo iko njiani" hata kama lori bado limelala Kisii. Shule niliishia darasa la nane, lakini mdomo wangu uliendelea mpaka chuo kikuu, na ni huo mdomo umenileta hapa.

Nilipopata hiyo kazi nikajiona mwanaume, nikachukua mkopo wa sacco nimwekee mama paa mpya, kwa sababu ile ya zamani mvua ikianza tulikuwa tunahamisha kitanda kama watu wanacheza drafti. Sasa mimi sina kitu cha kuweka dhamana (niko na simu na viatu), kwa hivyo mama akaweka ng'ombe yake. Hiyo ng'ombe inaitwa Mwalimu, kwa sababu inakuangalia kama mtu amesahihisha mtihani wako na ameona. Maziwa yake ndio karo ya dada yangu, ndio sukari, ndio sabuni, ndio kila kitu. Mzee Nyakundi, mzee wa kanisa letu la Sabato, akakubali kunisimamia. Na kwa huo mkopo kulikuwa na bima, ati ukipoteza kazi bila kosa lako bima inalipia sacco mpaka usimame tena. Dada wa sacco alieleza hiyo maneno vizuri sana, mimi nikaitikia "sawa, sawa, sawa" bila kusikia. Nani husikiliza bima siku ya kupewa pesa?

Basi Ijumaa moja Madam akaniita kule nyuma ya mifuko ya simiti, akaniambia, "Onchari, biashara imelala. Siwezi kulipa vijana wawili. Nitabaki na Mokaya."

"Madam, kwa nini Mokaya?"

"Mokaya anajua msumari wa mabati na msumari wa mbao si kitu moja."

Nikachukua mfuko wangu nikatoka.

Kesho yake ni Sabato. Lazima ujue kwamba mimi kanisani nilikuwa nimepotea, kwa sababu hadwea inafungua Jumamosi na mimi Jumamosi nilikuwa huko. Sasa nikafikiria, nikikaa nyumbani mama atauliza mbona sijaenda kazi, wacha niende kanisa nijifiche huko. (Mimi ndio mtu nilienda kujificha mbele ya kanisa lote.) Kufika mlangoni, Mzee Nyakundi akaniona akanyoosha mikono yote mbili.

"Omomura oito! Kijana wetu! Umeacha ile kazi ya kukuibia Sabato?"

Ndugu yangu, ilikuwa tu neno moja. Ningesema, "Hapana Mzee, nimefutwa," angeniombea, tungekula chakula, ningeenda nyumbani. Lakini nyuma yake kulikuwa na wasichana wa kwaya wamesimama, na mmoja (sitataja jina, ameshaolewa) alikuwa ananiangalia. Nikasema, "Ndio, Mzee."

Kufumba macho niko mbele na maikrofoni mkononi, natoa ushuhuda. Na wewe unajua mtu wa mdomo akipewa maikrofoni. Nikasema, "Wapendwa, Madam aliniambia nichague kazi au Sabato. Nikamwekea funguo juu ya meza, nikamwambia, Madam, mimi naenda kwa Bwana!" Kanisa likasema amina mpaka mabati ikalia. Funguo gani? Mimi sijawahi kupewa hata funguo ya choo. Mama alikuwa mstari wa tatu anapangusa machozi na kitambaa, na mimi nilipoona hayo machozi nikajua hii maneno siwezi kurudisha tena.

Mwezi ukaisha, sacco wakataka pesa yao, nikakumbuka bima. Nikaenda nikajaza, nikangoja. Siku ya majibu dada wa sacco akaniangalia kwa huruma.

"Bima imekataa. Inasema uliacha kazi mwenyewe."

"Nani amesema?"

"Walipigia aliyekusimamia. Mzee Nyakundi. Alieleza kwa furaha sana."

Akaniambia nikilipa tu nitakuwa sawa, nisipolipa watakuja kuchukua ng'ombe, lakini kama sikubaliani naweza kupinga, mtu wa bima atatoka Kisii Jumanne, nilete mtu anayejua vile nilitoka kazini. Nikamwomba Mokaya aje anisaidie. Akasema sawa. Nyumbani nikamwambia mama tu kwamba bima imekataa kulipa na nitaenda kupigania Jumanne. Sababu sikumwambia. Nilifikiri nitamaliza hiyo kitu kimyakimya, wanaume wachache ndani ya ofisi, mlango umefungwa.

Jumanne Mokaya hakuja. Alinitumia ujumbe ati tumbo. (Hiyo tumbo inaitwa kuogopa Madam.) Nikaingia peke yangu. Ofisi ya sacco iko juu ya duka la nafaka, chumba kidogo, na hapo ameketi meneja na jamaa wa bima, kijana mpole, viatu inang'aa mpaka nikaona uso wangu ndani, na uso haukuwa mzuri. Ndio tu nimefungua mdomo, nikasikia wimbo.

Wimbo unatoka chini kwa nafaka. Unapanda ngazi. Mlango ukafunguliwa na Mzee Nyakundi na suti yake ya ubatizo, nyuma yake mama, nyuma ya mama kwaya, nyuma ya kwaya watu ambao hata si wa kanisa letu, wameona tu watu wakipanda ngazi wakafuata. Wengine wakabaki nje kwa baraza ya huko juu wanachungulia dirishani.

"Meneja," Mzee akasema, "tumesikia kwa mama yake huyu kijana anateswa kwa sababu ya imani yake. Tumekuja kushuhudia."

Jamaa wa bima akakaa vizuri. "Karibu sana, Mzee. Kwa hivyo unajua vile alitoka kazini?"

"Ninajua! Nilimsikia na masikio yangu. Hakufutwa huyu!"

"Amina!" likasema kanisa.

"Hakupunguzwa!"

"Amina!"

"Aliacha mwenyewe, kwa moyo wake wote!"

"Amina!"

Kila amina nilikuwa naona Mwalimu akitembea kuelekea kwa lori. Jamaa wa bima alikuwa anaandika huku anatabasamu, sijawahi kuona mtu amerahisishiwa kazi hivyo. Nikajaribu kumkonyeza Mzee, akafikiri ni Roho ananigusa, akaongeza sauti. Mwisho nikaona hakuna njia ingine, nikasimama nikapiga kelele:

"Nilifutwa! Wapendwa, mimi nilifutwa! Nilifutwa kabisa!"

Mzee akanitazama kwa uchungu, akaweka mkono kwa kichwa changu, akaambia watu, "Mnaona vile shetani hutumia pesa? Anataka kijana aseme uongo ili alipwe. Tuombe."

Na wakaniombea! Mimi nasema ukweli kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile, na watu wamenishika mabega wanafukuza huo ukweli unitoke. Nilikuwa mtu pekee Ogembo nzima anaomba aaminiwe kwamba amefutwa kazi.

Meneja, mtu amechoka, akauliza, "Kwani huyo mwajiri ako wapi?" Mtu wa dirishani akajibu, "Si ni hapo ng'ambo ya barabara!" na kabla sijasema hapana akawa ameenda kumwita.

Madam Akinyi akaingia na aproni yake, simiti mpaka kwa nyusi. Hakunisalimia.

"Ni mimi ndio shetani wa Sabato?" akauliza. "Nasikia mimi hulazimisha watoto wa watu kufanya kazi siku ya ibada. Wateja wangu wa Sabato wamenihama wote, wananunua misumari mpaka Kisii. Mzee, wewe mwenyewe umepita duka langu ukiangalia mbali."

Mzee akaangalia mbali.

"Sasa mimi niwaambie. Huyu nilimwambia mara ngapi, Onchari, wewe ni wa Sabato, pumzika Jumamosi uje Jumapili. Akakataa. Mnajua alisema nini? Jumamosi ndio mimi hupikia vijana samaki. Alisema, 'Madam, Jumamosi siwezi kukosa, hiyo ndio siku ya samaki.'"

Haki ya Mungu, hicho chumba kilitoa sauti moja, "Aaaai!" Wasichana wa kwaya wakafunika midomo. Mtu wa dirishani akaambia wa chini, wa chini akaambia wa nafaka, na hivyo ndivyo samaki ilitoka ikaenda soko yote kabla mimi nishuke ngazi.

Jamaa wa bima akasafisha koo. "Kwa hivyo, Madam, ulimfuta?"

"Nilimfuta."

Nikaruka. "Mmesikia!"

"Kwa kosa gani?" akauliza haraka. "Kwa sababu kama ni kosa lake, bima pia hailipi."

"Misumari hajui," Madam akasema.

"Madam!" nikalia. "Si uliniambia biashara imelala?"

Hapo Madam akaangalia dirisha. Hapo kulikuwa na mwenye hadwea ile ingine wanayeshindania wateja, na mtu anayemuuzia Madam rangi kwa deni, na ndani alikuwa meneja mwenyewe ambaye Madam pia ana mkopo kwake. Akainua kidevu. "Nani alisema biashara yangu imelala? Biashara yangu iko sawa."

Nilikwisha. Kama niliacha mwenyewe, hakuna. Kama nilikosea, hakuna. Ilikuwa inabaki tu Madam aseme mbele ya adui zake kwamba hana pesa, na ni mimi nimemchafulia jina, sasa atanisaidia kwa nini?

Ndio mama akasimama. Mama yangu Kiswahili chake ni kidogo, na hakuwa ameniangalia tangu ile neno ya samaki. Akaenda mpaka mbele ya Madam, akamwita kwa jina la mtoto wake.

"Mama Brian, mwaka jana ng'ombe yangu ilikauka. Mimi niliona haya. Niliambia majirani nimeacha kuuza maziwa, watoto wangu wakunywe. Sisi tulikuwa tunakunywa strungi." (Strungi ni chai bila maziwa, na kwetu mgeni akipewa hiyo anajua nyumba imefika mwisho.) "Hiyo haya haikuniletea kitu. Sasa ng'ombe inaenda kwa sababu ya ushuhuda wa huyu mjinga. Wewe sema ile kweli tu. Kama ni kumpiga, tutampiga pamoja."

Madam akavuta kiti akaketi, na akaambia jamaa wa bima, sauti ya kawaida tu, "Andika. Mkandarasi mmoja alichukua vitu yangu ya kujenga nyumba nzima hajanilipa. Sikuwa na pesa ya vijana wawili. Huyu hakuniibia, hakunitukana. Nilimpunguza kwa sababu sikuwa na pesa." Hakuna mtu alicheka, hata yule wa hadwea ingine. "Na nitaweka sahihi. Lakini wewe, Onchari, utasimama pale pale ulisimama, na utanisafisha pale pale ulinichafulia. Na mimi nitakuwa hapo."

Na alikuja. Sabato hiyo alikaa mstari wa mbele na kofia kubwa kama mwavuli, sufuria kubwa miguuni. Nikapewa maikrofoni ile ile. Mama anaangalia, yule msichana anaangalia. Nikasema, "Wapendwa, Madam Akinyi hakuniambia nichague chochote. Mimi nilikuwa nakuja kazi Sabato kwa hiari, kwa sababu ya tumbo. Sikuacha kazi. Nilifutwa."

Halafu Nyanya Kwamboka, yule husinzia kuanzia wimbo wa kwanza, akashtuka kwa kiti chake akapiga kelele, "Amina!"

Kanisa liliangua kicheko ambacho sijawahi kusikia ndani ya hiyo nyumba. Mzee Nyakundi alicheka mpaka akavua miwani, halafu akashuka akaenda kumpa Madam mkono.

Bima ililipa. Sasa nachuna majani chai ya watu huku natafuta kazi ingine, na adhabu yangu kwa mama ni kukamua Mwalimu kila asubuhi, na bado hiyo ng'ombe inaniangalia vile vile. Nimeapa, mtu akiniuliza nimetoka wapi na kwa nini, mimi nasema haraka nimefukuzwa. Hata kama ni kwa harusi na nimetoka mwenyewe kwa miguu yangu, nimefukuzwa, andika hivyo.

Na kuhusu ile samaki. Ndani ya sufuria ya Madam kulikuwa na samaki, alikuwa amekaanga Ijumaa kwa sababu aliuliza akaambiwa Sabato hatupiki. Baada ya ibada akagawa mwenyewe. Mzee akapewa, mama akapewa, kwaya ikapewa, Nyanya Kwamboka akapewa mara mbili. Nikanyoosha sahani yangu. Madam akafunika sufuria.

"Hii," akasema, "ni ya wafanyakazi."

Kwa hivyo ukiniuliza kama ilikuwa tamu, mimi sijui. Uliza kanisa.