Mshono Wenye Mkia

Hebu mfikirie Harlan Dykstra akirudi nyumbani Jumamosi ile ya mwisho wa majira ya joto, pikapu yake ikivuta tela, na juu ya tela mzigo uliofunikwa turubai la bluu. Hana haraka. Kila akifika kwenye kona anageuza shingo kutazama nyuma, kama mtu aliyebeba mgonjwa. Watu wa mtaa wake hapo Muskegon, mji wa kando ya ziwa, waliokuwa wamekaa vibarazani, waliweka bia zao chini wakatazama.

Jirani yake, Clete Boersma, ndiye aliyelivua turubai. Alilizunguka mara moja, halafu akasema, "Fundi, hili umelinunua au umelifukua?"

"Nimelinunua."

"Na kutu umeilipia, au wamekupa nyongeza?"

Harlan alicheka. Lilikuwa gari la milango miwili la mwaka sabini, pua ndefu, silinda nane, aina ambayo vijana wa mji ule walishindana nayo mbio enzi hizo. Sasa kutu ilikuwa imekula chini ya milango, ukiingiza kidole kinatokea ng'ambo. Mbele kulikuwa na kiti kimoja tu, cha dereva. Cha abiria hakikuwepo. Kimeibwa, Harlan alijiambia. Magari yanayolala ghalani huibiwa.

Niwaambie kidogo habari za mtu huyu, maana mwenyewe hapendi kujisemea. Maisha yake yote ya kazi alichomelea fremu za malori kiwandani, kando ya reli. Alifundishwa na baba yake. Mwisho wa kila mshono huurudisha moto nyuma mara mbili, ili pasibaki shimo, na pale hubaki kinundu kilichojikunja kama mkia wa nguruwe. Kila mchomeleaji ana mwandiko wake, na wa Harlan ulijulikana kiwanda kizima. Wakaguzi hawakuwa na haja ya kuuliza nani kafanya. Baba yake naye alikuwa na mkia, lakini wa mzee ulikunjia kulia. Wa Harlan hukunjia kushoto, kwa kuwa anatumia mkono wa kushoto. Na mzee alizikwa kabla gari hili halijaundwa.

Aliyemtia haraka Harlan ni mkewe, Nelva. Macho ya Nelva yalikuwa yanafifia kuanzia katikati, na daktari alishasema wazi kwamba theluji ikiyeyuka atakuwa anaona kingo za vitu tu. Nelva hakuomba mengi. Walichumbiana ndani ya gari kama lile.

"Nipeleke barabara ya ziwani, miti ikishageuka nyekundu, kabla majani hayajaanguka," alimwambia. "Na liwe na nguvu, Harlan. Usiniendeshe kama unapeleka jeneza."

Basi akaanza, ndani ya banda lililoshikana na nyumba. Alikata bati bovu, akachomelea jipya, akasaga, akapiga msasa. Nguvu aliyoagizwa aliitafuta kwenye injini kubwa zaidi, na gia otomatiki akaamua kuitoa aweke ya mkono. Akapima, akachora duara la chaki kwenye sakafu ya gari, pale atakapokata tundu la kupitishia fimbo ya gia, kisha akakwangua lami kuukuu ya kuzuia kutu.

Chini ya lami, ndani ya duara lake la chaki, kulikuwa na kiraka. Mtu alishalikata tundu lile, ukubwa uleule, mahali palepale, halafu akaliziba.

"Kumbe nina mwenzangu," Harlan alisema peke yake, akalikata upya.

Wiki iliyofuata alisafisha fremu ya mbele ili achomelee vishikizo vya injini mpya. Akakuta alama. Vishikizo vilishawahi kuwekwa, palepale alipopima, vikasagwa hadi vikabaki makovu. Safari hii hakucheka. Alisogeza taa. Kila kovu lilikuwa na mkia wa nguruwe mwishoni, umekunjia kushoto.

Alimwita Clete aje aone.

"Wa mkono wa kushoto wako wengi dunia hii," Clete alisema.

"Wa kukunja hivi?"

"Basi ulifanya mwenyewe umelewa, ukasahau."

"Mimi silewi, Clete."

"Ndiyo maana unaona mambo."

Lakini Clete hakukaa amalizie kahawa yake.

Harlan akampigia simu mkulima wa jimbo la Indiana aliyemuuzia gari. "Mimi nilikuwa mtoto," yule bwana alisema. "Alikuja nalo mzee mmoja, akamwachia baba, hakutaka hata senti. Baba alimuuliza, kiti kingine kiko wapi? Akajibu, hili gari ni la mtu mmoja."

"Alikuwa anafananaje?"

"Sikumbuki, bwana. Nakumbuka tu alifungua mlango kwa mkono wa kushoto."

Nelva hakuambiwa. Miti ilikuwa imeanza kuiva kwa wekundu, na kazi ikaendelea. Injini iliingia, ikakubali kuwaka, ikanguruma hadi vyombo vikagongana jikoni. Kikabaki kiti cha abiria. Harlan alikipata kwa wauza vyuma chakavu, asubuhi akakwangua upande ule wa sakafu, akaingia ndani kunywa supu ya njegere. Aliporudi bandani alimkuta Nelva amepiga magoti mlangoni mwa gari, mkono wake ukipapasa sakafu.

"Nataka kujua nitakaa wapi," alisema. Vidole vyake vikasimama. "Matundu ya bolti umeyaziba ya nini?"

"Sijaziba kitu."

"Harlan, mkia wako naujua. Kila siku nashuka ngazi zetu nimeshika reli uliyoichomelea. Huu ni wako."

Hapo ndipo alipomweleza yote: tundu la gia, makovu ya vishikizo, mzee wa Indiana. Nelva alisikiliza bila kuondoa mkono pale chini.

"Kwa hiyo kila alichobadilisha alikirudisha kilivyokuwa," alisema mwishowe.

"Kila kitu."

"Isipokuwa kiti changu. Mzee huyo alikwenda Indiana bila mimi."

Upepo wa ziwani ulitikisa mlango wa banda.

"Mama, twende kwa pikapu," Harlan alisema. "Barabara ni ileile, miti ni ileile."

"Pikapu nitapanda hata nikiwa kipofu." Nelva alinyanyuka kwa kushika paa la gari. "Miti ikoje leo?"

Harlan alichungulia nje. Hakuzoea kumdanganya. "Imeiva kabisa. Upepo huu, kesho haitakuwa na kitu."

"Basi toboa. Mimi nafuata koti."

Alimsikia akipanda ngazi taratibu, kiganja chake kikiteleza juu ya reli. Akachukua drili. Akapiga magoti palepale alipopiga mkewe, akaweka kidole kwenye mkia wa kwanza ili apate katikati.

Akakitoa upesi. Asubuhi ile hakuna aliyewasha moto bandani, lakini chuma kilikuwa cha moto, kama mshono uliomalizika sasa hivi.

Juu, kabati la makoti lilifunguliwa, likafungwa. Viatu vya Nelva vikaanza kushuka.

Ungekuwa wewe, mwenzangu, drili iko mkononi na mkeo yuko ngazini, ungetoboa?