Nilimwombea Uzee

Juzi sokoni Lodwar nilimwona mwalimu aliyenifundisha Kiswahili kule Kakuma, mgongo umepinda, akipapasa ukuta wa duka asianguke. Alinisalimu, "Ejok," akauliza mimi ni binti wa nani. Nikapita.

Alasiri moja, nikiwa bado mwanafunzi wake, darasa lilinuka vumbi na jasho, na mabati yalikuwa yakialika kwa jua. Alitusomea shairi huru, lisilo na vina, la mzee aliyesimama mlangoni akiita miaka yake, na hakuna hata mmoja uliorudi. Akaniuliza maana yake. Kwetu, wazee walipoita kitu jioni, walikuwa wakiita mbuzi.

"Mwalimu, mbuzi zake zimepotea," nilisema. "Anasikia uchungu."

Alicheka mpaka akafuta machozi. "Ati miaka ni mbuzi! Haya, toka nje ulie kama mbuzi, tusikie."

Nililia "mee" juani, mchanga ukiniunguza nyayo, wenzangu wakishangilia. Walipochoka kucheka, nilimsikia kupitia dirisha akiwaeleza kwamba shairi lile ni la majuto, kwamba uzee ni adhabu ya mtu aliyeharibu siku zake. Mimi nikaelewa kwamba Mungu huwazeesha watu wabaya peke yao. Basi nikafumba macho, nikamwomba amzeeshe mwalimu wangu, tena upesi.

Sasa najua uzee haumchagui mtu. Lakini wake niliuomba mimi, nikamtaja kwa jina, na juzi nilipofika nyumbani nilipiga magoti nikashukuru.