Mwanamke Aliyeomba Picha Kando ya Jeneza

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, ndipo nianze. Mimi ni mzee wa kanisa, pombe niliiacha zamani, na Biblia bado naisoma bila miwani. Haya ninayokueleza niliyaona mchana, jua likiwaka, watu wakiwa wamejaa chini ya mahema. Sikuota. Laiti ningekuwa nimeota, leo ningelala kwa amani.

Naishi Kiuu, hapa Ruiru. Miaka yangu ya nguvu niliimaliza katika kiwanda cha nguo kule Thika. Binti yangu Shiru aliponinunulia simu ya kisasa, alifikiri nitakuwa nampigia yeye. Mimi nikaishia kupiga picha. Napiga ndizi za mama mboga zilivyopangwa, nguo zilizoanikwa kwenye roshani za ghorofa, paka wa jirani juu ya tangi la maji. Nilijifunza mwenyewe kungoja jua liegemee upande, na kumfanya mtu asahau kwamba anapigwa. Watu wakaanza kuniita Mzee wa Picha, nami, sikufichi, jina hilo lilinipendeza. Jirani akifiwa, nilikuwa naitwa niende nikapige mazishi.

Rafiki yangu mkubwa ni Gathogo, tuliyekuwa naye kiwandani. Mama yake Gathogo alifariki wakati wa hali ya hatari, enzi za mkoloni, yeye akiwa bado ananyonya. Siku hizo mwanamke wa kijijini angepigwa picha na nani? Hakuacha hata moja. Gathogo alipopata binti wa kwanza akamwita Wangari, jina la mama yake, kama ilivyo desturi yetu. Lakini alikuwa akisema, "Jina ninalo nyumbani, linakula na kulala kwangu. Uso ndio sina."

Aliyekuwa na uso ni dada yake, Nyambura, kwa sababu yeye alikuwa msichana mkubwa kidogo mama alipokufa. Kila tulipomtembelea shambani kwake nje ya Thika, kabla hata chai haijamiminwa, Gathogo angeanza. "Hebu niambie tena mama alivyokuwa." Na Nyambura angecheka, "Wewe mzee na mvi zako!" Kisha angemwambia: alikuwa mwembamba, alikuwa na mwanya, na akicheka jicho moja lilijifunga kuliko lingine. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi sana. Kumbuka hilo, kwa maana ndilo linaloniuma.

Nyambura akafa. Gathogo alinipigia simu asubuhi, na hakusema dada amekufa. Alisema, "Baba Shiru, ameenda na uso wa mama."

Siku ya mazishi nilikwenda na simu yangu imejaa chaji. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na udongo mwekundu wa shamba ulikuwa umegeuka matope yanayokamata viatu. Unajua mazishi yetu yalivyo. Kabla jeneza halijateremshwa, kuna muda wa picha, na anayeongoza shughuli huita makundi moja moja yasimame nalo: watoto wa marehemu, wajukuu, akina mama wa kanisa, wenzake wa chama cha akiba. Siku hiyo kipaza sauti kilikuwa kwa kijana mmoja mcheshi.

"Wakwe, kujeni! Na msijifiche huko nyuma, leo hatuulizi mahari!"

Watu wakacheka. Mama mmoja akamjibu kwa sauti, "Uliza tu, na wewe tutakuuliza utaoa lini!" Wakacheka tena. Hata Gathogo, aliyekuwa kwenye kiti cha mbele, alitabasamu kidogo.

Nilipowalenga wakwe niliona jambo la ajabu. Simu hizi, ukimlenga mtu, huchora kisanduku chembamba cha manjano usoni mwake. Visanduku vilikaa kwenye nyuso zote, na kimoja kikakaa upande wa kichwa cha jeneza, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Nikafuta kioo cha kamera kwa leso. Kikakaa palepale. Nikasema moyoni, simu imezeeka kama mwenyewe, nikapiga.

Makundi yalipokwisha, watu wakawa wanasongea kaburini, nikasikia mtu ananiita kando yangu.

"Mwanangu, nami nipige."

Nikageuka. Alikuwa mwanamke kijana, hata miaka thelathini hana, kitambaa kichwani, shuka limefungwa fundo begani kama walivyovaa mama zetu tulipokuwa wadogo. Alisema Kikuyu, tena kile cha zamani. Nilidhani ni wa kikundi cha nyimbo za kienyeji. Lakini neno lile lilinikera. Mwanangu? Mimi ninayeweza kumzaa mama yake?

"Wewe ni wa kundi gani?" nikamuuliza. "Hawakukuita?"

"Hawajui kuniita," alisema. "Nipige nikiwa naye."

Akaenda akasimama upande wa kichwa cha jeneza, akaweka mkono wake juu ya kifuniko, polepole, kama unavyoupapasa mgongo wa mtoto aliyelala. Mikono yangu ilishazoea kutii, nikainua simu. Nikampiga. Nikapiga nyingine karibu zaidi, uso peke yake. Na nakuambia, niamini, katika picha zote nilizowahi kupiga, hapakuwa na nzuri kama ile. Mwanga ulimshukia kana kwamba umetumwa. Alicheka kidogo, nikauona mwanya, na jicho moja likajifunga kuliko lingine. Niliviona vyote hivyo kwenye kioo cha simu, na sikufikiri lolote. Wewe ungefikiri? Nani anakwenda mazishini akitazamia kumkuta mama wa mzee mwenzake akiwa msichana?

Akaja akaiangalia simu bila kuigusa. "Nitabaki humo?"

"Utabaki," nikamjibu, nikijifanya fundi. "Mpaka mtu akutoe."

Akamwelekeza Gathogo kwa kidevu. "Na yule, ataniona?"

Hapo ndipo nilipoharibu.

Lazima ujue jinsi watu wa huku tunavyoogopa mazishi. Shamba la Nyambura liko karibu na barabara kubwa, na ardhi ya huko sasa inatafutwa kama dhahabu. Kila mtu amesikia habari za mgeni aliyejitokeza mazishini, akapigwa picha kando ya jeneza, kisha miezi michache baadaye akaenda nayo kwa chifu akisema, mimi pia ni wa hapa, tazameni niliposimama. Kwa hiyo msichana mgeni, asiyeitwa na kundi lolote, anayetaka picha na jeneza na kumwulizia kaka wa marehemu, nilimwona mimi kuwa nani? Nilimwona mwizi. Au mtoto wa siri wa Gathogo, ametumwa.

Kariuki, mtoto mkubwa wa Nyambura, alikuwa akipita. Aliniona nimekunja uso. "Baba Shiru, kuna shida? Ulikuwa unampiga nani?"

"Hakuna shida," nikasema. "Niachie mimi."

Hakuna aliyenituma. Ningeweza kumwita Gathogo, ni hatua chache tu kutoka pale alipoketi. Ningeweza kumwuliza yule dada jina. Lakini nilikuwa Mzee wa Picha, mlinzi wa familia, mjanja. Nikafungua zile picha mbili nikazifuta. Na kwa kuwa Shiru alikuwa amenifundisha kwamba simu huweka picha zilizofutwa kwenye kapu lake la taka, nikaingia huko pia nikalimwaga kapu lote. Simu iliniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo.

Nilipoinua macho alikuwa upande wa pili wa jeneza, ananitazama.

"Umenitoa," alisema.

Hakukasirika. Alisema kama mtoto anavyosema maji yameisha. Kisha akageuka akapita katikati ya akina mama wa kanisa, na hakuna hata mmoja aliyesogeza nguo kumpisha. Akaingia kwenye mistari ya kahawa nyuma ya nyumba. Nilingoja atokee upande wa pili. Pale ni mahali wazi, mtu hawezi kujificha. Hakutokea. Nikatazama chini alipokuwa amesimama mbele yangu. Viatu vyangu vilikuwa vimezama kwenye matope, na alama za wengine zilikuwa kila mahali. Pale pake palikuwa laini, hapajakanyagwa. 

Sikumwambia mtu. Tulizika, tukaimba, tukapewa chakula. Nilikuwa nimeketi na sahani ya chakula nisichoweza kukila, Gathogo akaja akaketi kando yangu. Kando yake akaketishwa Cucu Wairimu, bibi mzee kuliko wote wa kijiji kile, ambaye macho yake sasa hayaoni ila karibu.

Cucu akanigusa goti. "Wewe wa picha. Yule msichana niliyesikia ukiongea naye ameenda wapi?"

"Msichana gani, Cucu?" Gathogo akauliza.

"Alinipita hapa, akaniinamia usoni kunisalimu kwa jina langu la usichana. Nikasema, macho haya yananidanganya." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Alikuwa Wangari mwenyewe, na shuka lake begani."

"Wangari wangu hakuja na shuka, Cucu. Yule pale, anagawa soda."

"Si huyo wako. Ninasema yule tuliyekuwa tukichota maji pamoja. Mama yako."

 Gathogo alinigeukia. Nadhani aliyaona yote usoni mwangu.

"Kulikuwa na mtu?"

"Kulikuwa."

"Ana mwanya?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Ulimpiga?"

"Nilimpiga."

Akanyoosha mkono. Mkono wa mzee uliofanya kazi ya mashine maisha yote, sasa umefunguliwa kama wa mtoto anayengoja peremende. "Nionyeshe. Baba Shiru, tafadhali, nionyeshe."

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia nilivyomdhania, na kwamba hata yeye nilimshuku. Nilimwambia kuhusu kapu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono ukiwa bado umenyooshwa, kana kwamba maneno hayo yalikuwa bado hayajaufikia.

Kariuki aliichukua simu akaipeleka kwa vijana wanaotengeneza simu mjini Thika, na baadaye kwa mwingine aliyesifiwa sana kule Kahawa Wendani. Wote walirudisha jibu moja. Alama yake iliyobaki ni ile picha ya wakwe tu, niliyoipiga kabla sijamwona. Utaiangalia mwenyewe, nitakuonyesha tukimaliza. Wakwe wamesimama, wengine wanacheka, na juu ya kifuniko cha jeneza kuna mkono. Mkono mwembamba wa mwanamke, mpaka kwenye kifundo. Hapo unaishia, na nyuma yake ni majani ya kahawa.

Gathogo hakuvunja urafiki. Ningependa angenitukana. Wiki kadhaa hakukanyaga kwangu, kisha Jumapili moja baada ya kanisa akabisha mlango wangu. Nikaweka chai. Kabla sijaimimina akasema, "Hebu niambie alivyokuwa."

Tangu siku hiyo huja kila Jumapili. Cucu Wairimu naye amefariki, kwa hiyo duniani nimebaki mimi peke yangu niliyeuona uso ule. Nyambura aliubeba tangu utotoni bila kuuangusha. Mimi niliupata kwa dakika chache, na nakwambia, unanitoka. Mwanya ninao. Jicho ninalo. Lakini paji la uso? Masikio? Juzi Gathogo aliniuliza kama alikuwa na alama yoyote shavuni, nikasema ndiyo, ndogo. Niliposema hivyo nilimwona amefumba macho, anaiweka alama hiyo mahali pake. Na sijui kama ilikuwepo. Usiku huo sikulala. Jumapili iliyofuata nilimwambia, "Ile alama, sina hakika nayo."  Akasema, "Basi tuitoe," na akafumba macho tena kuitoa.

Aliponiuliza macho ya mama yalikuwa ya rangi gani, nilishindwa kabisa. Mama yake alisimama mbele yangu karibu kama wewe ulivyo sasa, na mimi nilikuwa naangalia simu.

Bado napiga picha, na mazishini bado naitwa. Lakini sasa siulizi mtu ni wa kundi gani. Mlevi akija, nampiga. Mgeni akija, nampiga, na kama ana lake na shamba, wazee na mahakama wapo. Sifuti picha ya mtu yeyote.

Nawe unayenisikia una simu mfukoni. Siku moja, mahali penye watu wengi, mtu usiyemjua atakuomba umpige na mtu wake. Usijifanye mlinzi wa mlango. Ishushe simu kwanza, umtazame kwa macho yako mwenyewe, umtazame sana. Halafu mpige, na umwache abaki.