Jeneza Nililonunua kwa Ajili ya Hatua ya Tatu

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nilianza kwa kubeba magunia, leo nina mashine ya kukoboa mpunga Chimala. Daktari alisema tezi ya shingo yangu imevimba kimyakimya, bila maumivu. Hatua ya kwanza moyo ulienda mbio, ya pili nikachoka na kusikia baridi, sasa, akasema, nimeingia ya tatu. Kwenye mchele, daraja la tatu ni chenga, punje zilizovunjika za kulishia kuku! Sikuuliza. Nikanunua jeneza, nikaita ukoo kutoka Iringa niwaage. Washenzi wakaanza kugombea lori langu nikiwatazama! Dada yangu, muuguzi, akasoma cheti cha daktari mbele yao.

“Kaka, una akili wewe? Hatua ya tatu ni kupona!”

Wakacheka. Seremala amekataa kurudishiwa jeneza. Pamoja na ng’ombe waliyemla, hasara: shilingi 2,315,000.