Viti vya Ngozi na Safari ya Malinyi

Nilipaka viti vya gari samli. Nasema mwenyewe mapema, kabla mtu mwingine hajawasimulia akaongeza chumvi, maana chumvi ndiyo kitu pekee ambacho sikuvipaka. Mzee wa Kisukuma anayeniletea maziwa aliniambia kwamba kwao ngozi ikikakamaa hupakwa samli mpaka inalainika. Alikuwa anazungumzia kamba za kufungia ng'ombe wa plau. Mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne na D ya kemia, nikasikia viti vya gari.

Gari lenyewe niliachiwa na kaka yangu alipohamia Mwanza: dogo, jeupe, viti vya ngozi rangi ya chai ya maziwa. Kwangu halina safari. Nashona nguo sebuleni kwangu hapa Mlabani, na nikienda mbali sana ujue nimefika kanisani. Limesimama uani, jua likavikausha viti vikaanza kufanya nyufa ndogo ndogo kama kisigino changu. Baada ya samli vikanuka mtindi. Sisimizi wakahamia na familia zao, na vumbi la pumba linalopeperuka kutoka mashine ya mpunga likaganda humo kama limealikwa.

Aliyeniokoa ni rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja sekondari. Alichungulia dirishani, akarudi nyuma ameziba pua.

"Mwenzangu, hili ni gari au mtoto aliyecheua?"

Marehemu mume wake alikuwa dereva wa ofisi, kwa hiyo mambo hayo aliyajua. Alinikataza ndoo. Ngozi haioshwi, inafutwa. Tukatoa vumbi kwanza kwa kitambaa kikavu. Kisha maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya kuogea, povu tu, kitambaa kikamuliwe mpaka kisidondoke. Kwenye mishono tukapita na mswaki wa zamani. Halafu kitambaa cha maji matupu, halafu kikavu, milango wazi, gari likae kivulini na siyo juani. Mwisho krimu ya ngozi kutoka duka la spea, kidogo sana, unasugua taratibu kama unampaka mtoto mafuta. Ilituchukua jioni mbili, maana samli haitoki kwa kuombwa.

Jioni ya pili tulikaa kiti cha nyuma kukijaribu. Akapigapiga nafasi iliyobaki kati yetu.

"Siku binti yangu akiagwa kwenda kwa mumewe, kwenye sendofu yake, atakaa hapa katikati. Wewe huku, mimi huku."

Binti huyo sare yake ya kwanza ya shule nilimshonea mimi, pindo la vidole vinne ili akue nalo. Nikajifanya nimeona doa, nikalisugua.

Tangu hapo, kila baada ya wiki mbili tatu nilivifuta viti vile. Watu walijua ni usafi. Mimi nilijua navitunza kwa siku gani.

Mwaka huu, mvua zikiwa zimechanganya, rafiki yangu akanipigia simu Ijumaa. Macho ya mama yake yamezidi, anataka kwenda Malinyi kumchukua aje hospitali. Angeweza kupata gari? Nikampa na funguo na pole. Nikamwambia mama alazwe kiti cha nyuma, na nikamtilia mto. Jumapili jioni gari likarudi. Alilileta kijana wa kwao, akasema rafiki yangu anashukuru sana, akaondoka.

Jumatatu nikatoa ndoo yangu ndogo na mswaki.

Nilianza chini, kwenye kapeti za miguuni, nikitegemea tope. Barabara ya Malinyi msimu wa mvua hairudishi mtu msafi. Kapeti zilikuwa kavu, zina vumbi jepesi la mjini tu. Nikasema labda walizifua. Mimi ni hodari wa kuwatafutia watu sababu.

Nikapanda kwenye viti. Mahali pa kuegemea kichwa palikuwa na poda ya uso, rangi ya bibi arusi, siyo ya mgonjwa wa macho. Kitambaa kikatoka kinametameta. Nikapitisha mswaki kwenye mshono wa kiti cha nyuma, katikati kabisa, ikatoka kucha ya bandia, nyeupe, ina kijiwe kinachong'aa. Pembeni, punje za pilau. Nilikaa pale nimeishika ile kucha, nikatazama nafasi ya kulia na nafasi ya kushoto. Zote mbili zilikuwa zimekaliwa. Ngozi ya kiti huwa inakumbuka aliyeikalia.

Nikampigia.

"Mama anaendeleaje na macho?"

Nikasikia redio yake nyuma.

"Nilitaka kukwambia," akasema.

"Lini?"

"Mambo yalikuwa mengi, dada. Kamati nayo…" Akavuta pumzi. "Kwani viti vimechafuka?"

Miaka yote ile, na anauliza viti. Nikamwambia havijachafuka. Nikakata simu, nikarudi kufuta. Nilifuta mpaka nikafuta palipokuwa safi, na krimu nikapaka nyingi kuliko ninavyojua inatakiwa. Machozi nayo yana chumvi. Nikayafuta haraka, maana chumvi huua ngozi.

Ndipo nikasikia jirani yangu akigeuza mpunga wake kwenye turubai upande wa pili wa ua. Ni mama mtu mzima, anasema mambo yake bila kuzunguka. Nikakumbuka gauni la kitenge cha kijani nililomshonea wiki iliyopita. Aliniambia ni la sherehe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Lile gauni la kijani. Lilikuwa la sendofu ya yule binti?"

Hakuacha kugeuza mpunga. "Lilikuwa sare. Tulivaa wote."

"Na mimi sikuambiwa! Nimemshonea mtoto yule tangu darasa la kwanza. Gari langu wamelichukua kwa uongo, wamembebea bibi arusi, na mimi niko hapa nimelala! Mama, mtu gani anafanya hivyo?"

Akasimama, akaegemea reki yake, akanitazama juu ya ua na mswaki wangu mkononi.

"Ubatizo wa mtoto huyo hukuja, ulisema kichwa. Kipaimara hukuja, ulisema mvua. Msiba wa baba yake ulikaa nusu saa ukarudi kuangalia mboga jikoni. Mwenzio kakudanganya, vibaya sana, lakini tulipoandika majina kwenye kamati hakuna hata mmoja aliyesema umesahauliwa, na mimi nilikuwepo."